Mstari wa Kuokoa Shingo

Kila asubuhi, kengele za kanisa kuu la mji wa Lincoln zikishalia, Avice alipanda mlima kwenda gerezani na bakuli la uji wa njegere, mkate mweusi, na kitabu cha zaburi alichoazimwa na Padri Thurstan. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kusoma alifundishwa na watawa ambao mama yake aliwafulia nguo, na sasa mwanafunzi wake alikuwa baba yake mzazi.

Hamond, baba yake, alikuwa mfunga magunia ya sufu. Njaa ya majira ya baridi ilipowabana aliiba gunia moja la tajiri wake, akakamatwa. Adhabu yake ilikuwa kitanzi. Lakini palikuwa na upenyo mmoja. Tangu zamani mahakama ya mfalme haikuwanyonga mapadri, na kwa kuwa enzi hizo wasomi walikuwa mapadri, mwanamume yeyote aliyesoma Kilatini mbele ya hakimu alihesabiwa padri, akanusurika, mara moja tu maishani. Mahakimu walizoea kufungua zaburi ya toba, mstari wa kwanza. Mjini waliujua kwa moyo hata wachinja nguruwe.

"Lakini Baba, wewe si padri," Avice alisema.

"Sheria haiulizi joho, mwanangu. Inauliza macho."

Tatizo ni kwamba macho ya Hamond yalikuwa mavivu. Siku ya tatu alikisukuma kitabu kando. "Hivi vidudu vinanitia kizunguzungu. Nitamkie tu, nikariri." Avice naye alikuwa amechoka kukaa juu ya mawe baridi, basi akamtamkia. Kufika Jumapili, baba mtu aliumimina mstari ule bila kukwama.

"Vipi, baba yako anasoma?" mama yake, Emmota, aliuliza.

"Anasoma, Mama."

Emmota akashusha pumzi, akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mumewe akamatwe. Avice aliurudisha mkate wake kapuni.

Jumatatu hakimu akafika. Avice alijipenyeza ukumbini. Wa kwanza kuitwa alikuwa Wilkin, mwizi wa farasi, mtu wa mizaha. Alipopewa kitabu aliutiririsha mstari wote huku akimkonyeza karani.

"Kitabu umekishika kichwa chini, miguu juu," karani akamwambia.

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Alifungua ukurasa mwingine, akasema, "Soma hapa." Wilkin akarudia mstari uleule. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alinyongwa.

Jumatatu hiyohiyo kesi ya Hamond iliahirishwa hadi Ijumaa kwa sababu shahidi mmoja alikuwa hajafika. Avice alikimbia nyumbani, akamkuta mama yake anakamua mashuka ya watawa.

"Mama, nilikudanganya. Baba hasomi. Amekariri tu."

Emmota aliketi juu ya kapu la nguo mbichi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuona umefurahi."

"Na furaha hiyo ingenirudishia mume?" Alijifuta mikono, akavua aproni. "Simama. Twende."

Gerezani Hamond alikataa katakata. "Siku nne? Mimi ni mtu wa magunia tu."

"Na hayo magunia unayatia alama gani?" Emmota akamuuliza.

Hamond akafikiri. "Herufi za majina ya matajiri. Zipo kama tisa."

"Basi tisa unazo. Acha uvivu, mume wangu. Mimi sijataka ujane."

Kuanzia hapo hapakuwa na mzaha. Kila siku Avice alifungua ukurasa mgeni, na baba yake alipomwomba amtajie neno, alinyamaza. Hamond alinuna, akatukana, akalia, kisha akarudi kwenye herufi. Avice mwenyewe alikuwa anatafuna kucha mpaka zikatoka damu.

Ijumaa hakimu alifungua kitabu katikati, mahali ambapo Hamond alikuwa hajawahi kupaona. Hamond aliweka kidole chini ya herufi ya kwanza, akaanza kuunga, moja baada ya moja, jasho likimtiririka. Alikosea neno, akarudi nyuma, akalisoma upya. Mtu mmoja akaguna kwa dharau.

"Anasoma?" hakimu akauliza.

"Anasoma, Bwana," karani akajibu, "ila vibaya mno."

"Anayesoma vibaya amesoma," hakimu akasema.

Wakamchoma dole gumba kwa chuma cha moto, alama ya kwamba nafasi yake imekwisha, wakamwachia.

Nje, Emmota alimfunga kidole kwa kitambaa kilicholowa maji.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe," Emmota akasema. "Lakini sikiliza. Uongo wako ulinipa usingizi, na ukweli wako ukaniumiza. Ungenionea huruma ukanyamaza, leo tungekuwa tunamzika baba yako. Siku nyingine, jambo baya niletee mapema, hata kama litaniliza."

"Na mimi," Hamond akasema, akikitazama kidole chake, "nikigusa tena mali ya mtu, hakuna kitabu kitakachoniokoa."