Safu ya Walionyamaza

Ndege walimwamsha Digna mapema. Mpunga wa Katindiuka ulikuwa umeanza kuinamisha vichwa, na kweleakwelea hawangoji mtu. Aligonga debe, akapiga kelele, akakimbilia kona nyingine. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Lakini mumewe, Ignas, alikuwa gerezani siku ya kumi na sita.

Ignas na jirani yao, Festo, waligombania mpaka wa shamba. Ignas akampiga kwa mpini wa jembe. Mkono wa Festo ulivimba. Mahakama ya mwanzo ikamfunga Ignas miezi sita.

"Yule Martin, mpwa wa diwani, si alipigana sokoni? Kalipa faini, karudi kula ubwabwa kwake," alisema Yosefina, dada wa Ignas. "Sisi hatuna mkubwa wa kutusemea, wifi. Basi."

Neno hilo lilimsumbua Digna. Kesho yake alikwenda mtaa wa Viwanja Sitini kwa Oliva, msaidizi wa sheria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niambie ukweli. Tumeonewa?"

Oliva alifungua daftari. Kwa miaka miwili alikuwa akisoma hukumu mahakamani, kwa ruhusa, na kuziandika kwenye jedwali: kosa gani, la mara ya ngapi, jeraha gani, mshtakiwa alisema nini, adhabu ipi.

"Tulinganishe wanaofanana tu," alisema. "Waliopigana, kosa la kwanza, jeraha dogo, wakakiri. Wako thelathini na mmoja. Ishirini na sita waliomba wapunguziwe adhabu. Kati yao wawili tu walifungwa. Watano walinyamaza. Wote watano walifungwa."

Digna aliona jina la Ignas mwishoni mwa safu hiyo.

"Hakimu alimuuliza kama ana la kusema. Akasema hana. Ni mimi, mwanangu. Nilimwambia, mbele ya mkubwa inamisha kichwa, usibishane. Ndiyo adabu tuliyofunzwa."

"Kuomba si kubishana, mama. Angesema ni kosa lake la kwanza, ana watoto, na yuko tayari kumlipia Festo matibabu."

"Kwa hiyo hakimu ni mbaya?"

"Namba hazisemi hivyo. Zinatuonyesha pa kuangalia. Ignas alikiri, kwa hiyo rufaa yetu ni juu ya adhabu tu. Tulipewa siku thelathini toka hukumu. Zimebaki kumi na tatu."

Digna aliwaachia ndege shamba. Alifuata nakala ya hukumu mara tatu. Mara karani hayupo, mara umeme umekatika. Usiku alihesabu siku kwa vidole. Siku ya ishirini na nane, rufaa ilipokelewa, pamoja na hukumu za kesi zinazofanana.

Mahakama ya wilaya ilipomsikiliza Ignas, alisema yote ambayo hakuyasema mwanzo. Aliachiwa siku hiyohiyo, kwa sharti amlipie Festo matibabu na asirudie kosa kwa mwaka mzima.

Yosefina alipiga vigelegele mpaka askari akamnyamazisha. Digna alimgeukia Oliva.

"Na wale wanne wengine?"

"Hakimu wa mahakama ya mwanzo nimemwonyesha jedwali. Sasa kila anayenyamaza anamuuliza: una watoto? Ni kosa lako la kwanza? Lakini wale wanne, waliofungwa mwaka huu, bado wako ndani. Muda wao wa rufaa umepita. Lazima tuombe ruhusa ya kuchelewa, na wake zao hawajui."

"Wa karibu ni nani?"

"Dionisi. Mkewe yuko Kivukoni."

Digna alimshika mumewe bega. "Baba, tangulia shambani, ndege wanatumaliza," alisema. "Mimi na huyu mwanangu tunapitia Kivukoni."