Kahawa ya Saa Tisa

Huku Jutland magharibi, Denmark, hakuna anayekubali kwamba kuna majini. Watu wanaamini fyuzi. Kitu kikilia ni upepo au ni waya, na ukimwambia mtu vinginevyo atakuongezea kahawa na kubadilisha mazungumzo. Kwa hiyo fyuzi ya kwanza ya amplifaya ilipokatika Jumatatu, saa tisa na dakika kumi alasiri, fundi redio Ejvind alitukana kidogo akaweka nyingine.

Amplifaya ile, mashine ya kukuza sauti, ilikuwa ya ukumbi wa kijiji. Ilikuwa imekaa rafuni miaka kumi na moja, imefunikwa gunia, kwa sababu Viggo alifia juu yake. Viggo alikuwa mshirika wa Ejvind katika karakana ile ya redio, na mume wa Solvej. Tangu msiba, Solvej ndiye aliyekaa kwenye meza ya marehemu, akibadilisha sindano za santuri na kupokea wateja. Sasa wote wawili walikuwa wamechoka, na mwisho wa mwezi wangefunga duka.

"Litengeneze liondoke," Solvej alikuwa amemwambia. "Nataka nitoke humu rafu zikiwa tupu."

Jumanne Ejvind alibadilisha kapasita zote kubwa. Jumatano akabadilisha daiodi. Kila mara aliiwasha kwa kupitisha umeme kwenye balbu kwanza, kama mafundi wanavyofanya: balbu ikiwaka sana, ndani kuna shoti, ikififia, mambo safi. Ilififia vizuri. Kisha ilipofika saa tisa na dakika kumi ikaanza kuwaka tena, taratibu, mpaka vumbi la mezani likaonekana, na fyuzi ikakatika. Ejvind aliitazama tu. Alikuwa amechoka kiasi kwamba hata hofu ilichelewa kumfika.

"Hilo dude bado linakushinda?" Solvej aliuliza.

"Linanichezea."

"Macho yako ndiyo yamezeeka. Mwaka jana ulimrudishia mke wa mchungaji redio ya jirani yake."

"Na hakulalamika. Ilikuwa nzuri kuliko yake." Ejvind hakucheka. Aliteremsha sauti. "Solvej, unasikia harufu?"

Solvej alinusa. "Ya kahawa iliyomwagikia kitu cha moto," alisema polepole. "Naisikia tangu juzi. Nilidhani ni mimi tu."

Alhamisi, saa tisa kasoro, spika ilianza kuvuma. Ejvind alizima swichi, mvumo ukaendelea. Akachomoa plagi, mvumo ukaendelea. Akakata nyaya za spika kwa koleo, na bado sauti ilitoka, nzito na ya chini, ikipanda miguu ya meza mpaka kwenye meno yake, na katikati ya mvumo ule, kila baada ya muda, kulisikika pumzi ikivutwa ndani, kama ya mtu anayetaka kusema jambo, akaghairi, akavuta tena.

"Ejvind," Solvej alinong'ona, "chomoa plagi."

"Ninayo mkononi."

Walitazamana. Ejvind alikaa chini, akaiweka plagi mezani.

Kila fundi hufundishwa siku ya kwanza: ukiingiza mkono wa kulia kwenye chombo chenye umeme, wa kushoto uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Viggo aliishika kanuni hiyo miaka arobaini. Alipokutwa amekufa na mikono yote miwili nje, Solvej aliambiwa kwamba alisahau.

"Hakusahau," Ejvind alisema. "Nilimpelekea kahawa ya saa tisa. Alikuwa anapima. Nikamwambia, shika, inaniunguza. Akautoa mkono mfukoni ili ashike kikombe, kahawa ikamwagika na mkono ukagusa chuma."

Mvumo ulishuka, kana kwamba na wenyewe unasikiliza.

"Miaka kumi na moja," Solvej alisema, "kila Jumapili nasimama kaburini namwita mzembe."

"Najua."

"Ulikuwa unanipeleka kwa gari lako."

"Ndiyo."

Solvej alivaa koti lake, kifungo kimoja kimoja, akatoka. Mlango ulipofungwa, sauti ilikatika na harufu ikaisha. Ejvind alilia. Aliona aibu, na juu ya aibu aliona nafuu ambayo hakuwahi kuipata tangu siku ile.

Akaona heri amalize kazi. Aliunga nyaya, akachomeka plagi. Balbu ikafifia. Mkono wa kushoto akautia mfukoni, wa kulia akauingiza ndani na sindano ya mita ya kupimia umeme. Umeme ulikuwa sawasawa, kila mahali alipogusa.

"Kahawa, Ejvind," alisema Solvej nyuma ya bega lake la kushoto. Sauti ilikuwa ya upole. "Shika, inaniunguza."

Amenisamehe, Ejvind aliwaza, na kwa uchovu na furaha hakuwaza lingine. Kisha akainua macho dirishani. Nje, kwenye giza la Desemba lililokuwa linaingia, Solvej alikuwa amempa mgongo, anakwangua barafu kwenye kioo cha gari.

Mezani, balbu ilianza kuwaka taratibu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshatoka mfukoni, na vidole vilikuwa vimeshaanza kuhisi joto la kikombe.