Binti Niliyemfungia Chumba cha Pasi

Huyu binti alikuwa anataka kuniua kwa presha. Mimi ni dobi. Nafua mashuka ya nyumba ya wageni na sare za wauguzi. Kidosho, kitinda mimba wangu wa miaka ishirini na miwili, ndiye anayepiga pasi. Akinywa pombe, anaunguza nguo. Nguo ikiungua, natukanwa mimi.

Chupa nilizikuta nyuma ya ndoo, hata ndani ya nguo chafu za wateja. Nilifoka mpaka sauti ikakauka. Aliapa ataacha. Kesho yake, yale yale.

Jumatatu moja akaunguza suti ya bwana harusi, siku ya harusi yenyewe. Uvumilivu ukaniishia. Nilimfungia chumba cha pasi, nikatia ufunguo mfukoni. Mke wangu akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamjibu siku tatu tu, atanyooka.

Jumatano asubuhi alikuwa anatetemeka na kulowa jasho. Akasema ukutani kuna wadudu. Ukuta mtupu! Nikaona ananifanyia maigizo.

Jirani yetu muuguzi akaja kuchukua sare zake. Akasikia sauti, akauliza nani yuko ndani. Nikamweleza, tena kwa kujigamba.

"Nipe ufunguo," akasema. "Sasa hivi."

Alimpima mapigo ya moyo, kisha akanigeukia.

"Baba Kidosho, mtu anayekunywa kila siku akiachishwa ghafla anaweza kupata degedege. Anaweza kufa. Huu ni ugonjwa, mzee wangu, si ukaidi. Hospitali watampa dawa aache kwa usalama."

Tulimkimbiza hospitali. Degedege lilimkuta mapokezi. Madaktari wakalituliza, mimi nikabaki kwenye benchi. Ningengoja siku yangu ya tatu iishe, ningemkuta maiti. Niliona aibu, nikalia mbele za watu.

Alilazwa wiki nzima. Mshauri wa pale akatuita sote. Akasema tusimfungie, tusimfokee, wala tusiwadanganye wateja kwa niaba yake. Aende kliniki kila wiki, na nyumbani pombe isiwepo.

"Hata yangu ya Jumamosi?" nikauliza.

"Hata hiyo."

Nilinuna njia nzima. Nikaimwaga, mke wangu akisimamia kama askari.

Sasa ni mwezi wa tano tangu atoke hospitali. Kidosho anapiga pasi, mashati yanatoka safi. Lakini Ijumaa iliyopita alinikuta nafunga mzigo wa mashuka. Akainamisha kichwa.

"Baba, jana nilikunywa."

Hasira ilinipanda mpaka kooni. Miezi mitano! Nikaimeza. Muuguzi alishanionya kwamba kuteleza hutokea, na kwamba anayeteleza asiachwe peke yake.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Bado."

"Kula basi, twende kliniki."

Nilisimamisha kazi asubuhi hiyo, wateja wakangoja. Kwa mara ya kwanza sikumfumania. Alikuja kuniambia mwenyewe.