Sindano Chafu

Kitu cha kwanza alichokiona ni kifungo. Benki ilifurika watu, na kijana aliyekuwa mbele yake kwenye foleni alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, ila kifungo cha mkononi kilishonwa kwa uzi mweusi. Yeye ni mshonaji. Macho yakagoma kubanduka.

"Unanikagua, dada?" kijana akageuka.

"Hapana... kifungo tu."

"Nilishona mwenyewe. Mimi fundi wa tovuti, si wa nguo!"

Wakacheka. Kicheko kikazaa simu, simu zikazaa mapenzi. Kijana akamtengenezea tovuti ya duka lake la nguo, wateja wakawa wanachagua magauni wakiwa kwao. Kazi ikanoga.

Asubuhi moja simu ikalia.

"Mpenzi, kuna balaa. Wateja wako wanaambukizwa kirusi!"

"Wanaambukizwa na nini?"

"Sindano. Tena chafu! Usipokee mteja mpaka nije."

Mshonaji akakata simu, akaizima kabisa. Sindano zake, anazozifuta kila jioni! Kumbe mpenzi anamwona mchafu, mleta maradhi. Akalia mpaka kanga ikalowa. Kisha akazikusanya sindano zote, akazitia sufuriani, akawasha jiko.

Kijana aliingia akihema. "Mbona umezima simu? Unapika nini?"

"Sindano. Si umesema chafu?"

Kijana akachungulia sufuria, akaangua kicheko. Alipoona macho yake mekundu, kicheko kikamkauka. Akapiga magoti palepale, kwenye vipande vya vitambaa.

"Mama wee, nisamehe. Hilo ni neno la kazi yetu. Kile kisanduku wateja wanamoandika 'gauni jekundu', wahuni wameandika amri ndani yake. Tovuti ikadhani ni mteja, ikatii, ikahifadhi uchafu wao pamoja na magauni yako. Sasa kila anayeifungua, simu yake inaingiwa na kirusi. Hiyo ndiyo tunaiita sindano. Kosa ni langu, sikuweka chujio. Nimeshaifunga, naisafisha, na wateja nimewatumia ujumbe."

"Kwa hiyo si mimi?"

"Wewe? Wewe ndiye kitu pekee kisicho na kasoro dukani humu."

Siku nyingine angeinamia cherehani, akajifanya hakusikia. Maneno matamu yalimtia aibu, na ya kwake yalikuwa yakiishia kooni. Leo alizima jiko, akamtazama usoni.

"Nilidhani unaniacha," akasema. "Usiniache. Nakupenda. Nioe."