Majina ya Chumba cha Nyuma

Jecinta alipiga chafya moja tu, mchana, bila mafua wala vumbi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Lakini wacha nianze na nyumba yenyewe.

Yunia alitoka Nyamira na wasichana wake wawili baada ya mumewe kufariki, akapata kazi ya kuchuma majani chai Kimulot. Alitaka vitu viwili tu: nyumba anayoiweza, na shule ambayo watoto wataifikia kwa miguu bila kuvuka barabara ya malori. Litein kodi ilimshinda. Roret shule ilikuwa nzuri, lakini kazi ilikuwa mbali. Kimulot akaonyeshwa vyumba viwili vya udongo katikati ya michai, mabati mazima, na ua wa shule ya msingi uko hapo nyuma. Kodi ilikuwa chini hata akaona haya kuomba apunguziwe. Angejiuliza kwa nini, kweli. Lakini mtu amezunguka wiki mbili na watoto na magunia ya nguo, atajiuliza saa ngapi?

Chumba cha nyuma kilikuwa na majina ukutani, yameandikwa kwa makaa kutoka juu hadi chini. Yunia alidhani ni michezo ya watoto waliohama.

Bilhah, mkubwa, alianza gredi ya tatu. Wenzake walicheza kwa Kipsigis na yeye hakujua hata neno, basi alikaa dawati peke yake na kurudi nyumbani peke yake. Mvua ya alasiri ikianza, anajifanya mwalimu. Darasa lilikuwa Jecinta, wa miaka mitano. Rejista ilikuwa ile ya ukutani.

"Chepkorir," alisoma. Jecinta kimya. "Kimaiyo." Kimya. "Taprandich."

Jecinta akapiga chafya.

"Huyo yuko," Bilhah akasema, na wote wawili wakacheka. Yunia aliwasikia akiwa jikoni, akafurahi. Hakuna mtu alikuwa amecheka katika nyumba hiyo tangu wahamie.

Kesho yake akaita, "Jecinta, kuja ukule." Mtoto hakugeuka. Alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha kama mama aliyetoka shambani, anaimba polepole kwa Kipsigis ambacho hakuna aliyemfundisha. Yunia alipomwinamia akasikia nywele zake zinanuka maziwa ya kibuyu na makaa, maziwa ambayo hawajawahi kununua, na alipomshika bega mtoto akakohoa, kikohozi kirefu kikavu cha mtu mzima aliyelala na moshi miaka mingi, kikaendelea mpaka mvua ikashika mabati na bado kikasikika chini ya mvua, na Yunia akajikuta ameurudisha mkono wake nyuma, akaogopa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Alikimbia kwa jirani, Gogo Tabutany, akamweleza. Bibi huyo alifika hadi ukingo wa michai akasimama.

"Mimi siingii hapo," alinong'ona. "Nani alisoma majina?"

"Watoto walikuwa wanacheza tu, gogo."

"Hao ni marehemu wa ile boma. Huku kwetu mtoto akizaliwa tunamwitia majina ya waliokufa. Akipiga chafya, huyo aliyeitwa amerudi. Tunachagua wa kuita. Taprandich hatukumwita. Alikufa humo peke yake, hakuwa na mtoto, na hakuna mtu alitaka bahati yake. Miaka yote anangoja aitwe."

"Tutahama leo."

"Mtahama naye. Simama nje, umwite mtoto jina ulilompa wewe, mpaka apige chafya. Lile lingine usiliite, hata akikulilia. Ukiliita wewe mama yake, umempa nafasi ya mtoto wako."

Yunia alisimama kwenye mvua, Bilhah ameshika leso aliyojifunga mama yake. Aliita Jecinta. Aliita kwa upole, akaita kwa ukali, akaita kama anavyomwita wakienda kanisani. Mtoto alisimama mlangoni akimtazama. Kengele ya shule ikalia, watoto wa madarasa ya juu wakatoka mbio, wakapita mbali na nyumba hiyo, na Yunia bado anaita, sauti imekwaruza, meno yanagongana, na hakuna mtu hata mmoja nchi hii yote ambaye angemwambia pole, mpaka mtoto akaanza kulia, kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya Jecinta.

"Mama, niite nije. Huku kuna baridi. Niite tu."

"Jecinta!"

"Si hilo, mama. Tafadhali."

Ni kilio cha mtoto wake. Ni mikono yake midogo imenyooshwa. Yunia alivumilia, akavumilia, halafu akachoka.

"Taprandich," akasema.

Mtoto akakimbia, akamkumbatia kwa nguvu, akampigapiga mgongo polepole. Gogo alikuwa ameshageuka kwenda kwake.

Bilhah aliiachilia leso. Alitazama ndani ya nyumba, kisha akamtazama mama yake.

"Mama," akauliza, "na Jecinta atakaa humo na nani?"