Masele Hakushusha Taa

Kuku ndio walioanza. Giza lilikuwa limeshaingia Katoro, nao wakagoma kuingia bandani, wanadonoa uani kama asubuhi. Melania akatoka kuwaswaga, akakuta taa za Noah ya mumewe zinawaka. Betri ya gari hiyo ilikuwa ndani, chini ya meza.

Masele, mumewe, alipoziona akarudi nyuma, pamoja na ubishi wake wote. Mtu gani yule! Alijifungia taa kali juu ya bampa, za kupofua hata ng'ombe. Akikaribia trafiki anazifungua, akishawapita anazifunga tena. Wenzake barabarani wakimwashia ashushe mwanga, yeye ndiyo kwanza anaukoleza, eti mwoga akalale kwao. Jioni ile ndipo alipomwambia mkewe alichokuwa amekificha tangu wiki iliyopita: njia ya Ushirombo, mwendesha bodaboda aitwaye Ngusa alimwashia, akamwashia tena, kisha akapotea kwenye ule mwanga na kuingia chini ya lori lililokuwa nyuma ya Noah. Masele alimwona kwenye kioo. Hakusimama.

Melania hakupata hata nafasi ya kumchukia. Ndani, binti yao Blessing alipiga yowe. Harufu ya mpira na nywele zinazoungua ikawapokea mlangoni, wakamwona mtoto ananing'inia hewani, mwanga umemjaa usoni na haujulikani unatoka wapi, damu inamchuruzika machoni, na kitu wasichokiona kinambamiza ukutani, kinamwokota, kinambamiza tena, na Melania alipomrukia na kumkumbatia kikampiga yeye mbavuni mpaka akazisikia zinavunjika, na bado hakumwachia.

Jirani yao, mganga Zamoyoni, akaja mbio na chetezo cha ubani, Masele akamweleza ya Ngusa.

"Ni jini," akasema kwa sauti ya chini. "Limelamba damu ya Ngusa kwenye lami, likaifuata gari. Linataka macho. Lisipopata ya Masele, litachukua ya mtoto."

Masele akakimbilia nyundo, akatoka uani, akazivunja taa zote za gari; Melania akamkabidhi Zamoyoni mtoto, akamfuata. Vioo vikamwagika chini. Mwanga ukabaki palepale, ukazidi. Akaitupa nyundo, akapiga magoti mbele yake. Alitaka kuutazama, lakini kila mara kope zilijifunga zenyewe, na kila zilipojifunga, mle ndani, Zamoyoni akiwa amemng'ang'ania mtoto kwa nguvu zake zote, ukuta ulilia tena.

"Nishike, Mama Blessing," Masele akanong'ona.

Melania akapiga magoti nyuma yake, akakiegemeza kichwa cha mumewe kifuani kwake, akazifungua kope za mumewe kwa vidole. Alimpenda, Mungu anajua, na alimkasirikia, na vyote viwili vilimpa nguvu ya kushikilia huku mume anapiga kelele na kutapatapa, huku macho yanatokota na ute wa moto unamwagikia vidoleni, mpaka mwanga ukakatika.

Zamoyoni akatoka na tochi, mtoto begani. Blessing akajifuta damu, akatazama vizuri.

"Mama, mbona unamshika baba hivyo?"

Melania alitaka kuinuka ampokee, lakini vidole vyake viligoma kuachia.