Mrembo wa Kopo la Mafuta

Mwaka 1954, siku ya Jumamosi, uwanja wa mnada wa Shinyanga umefurika watu. Generoza akapanda jukwaani bila kuitwa na kumnyooshea mrembo kopo la mafuta lililo wazi.

"Jipake," akamwambia.

Mrembo akatabasamu, tabasamu lile lile la kwenye picha.

"Dada, shuka. Tuko kazini."

"Najua mko kazini. Jipake hapa, sote tuone."

Mrembo akalitazama lile kopo... akarudi nyuma hatua mbili. Uso ulimkunjamana kama mtu aliyeonyeshwa mzoga.

Sasa nisikilizeni. Huyo Generoza ni bibi yangu. Kisa hiki alinipa mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, na kila alipofika hapo alikuwa anatema mate. Nawaonya mapema, kinachefua. Kama uko mezani, maliza kula kwanza.

Turudi nyuma miaka mitatu.

Generoza alikuwa mke kijana pale Geita. Mumewe, Marcel, alikuwa karani wa stoo mgodini. Walikuwa na nyumba ya bati na mtoto mmoja wa kiume, Otmar. Shida za kusema alale na njaa hakuwa nazo. Shida yake ilikuwa moja tu, na jina lake ni Melania.

Melania alikuwa binti wa Mwanza, mrefu, shingo ndefu, anatembea kama ardhi ni yake. Alianza kwa kutangaza vitambaa vya magauni. Akaja akatangaza majani ya chai. Halafu tajiri mmoja aitwaye Stanslaus akamchukua kutangaza Mafuta ya Nuru, ya kung'arisha uso, na hapo ndipo jina lilipopaa. Picha yake ilikuwa kwenye kalenda, kwenye kuta za maduka, kwenye mfuniko wa kila kopo.

Kila baada ya miezi michache lori la Stanslaus lilizunguka kanda nzima. Wanashusha mapipa, wanatandika mbao juu yake, gramafoni inawekwa, kipaza sauti kinalia. Melania anapita juu ya zile mbao kwenda na kurudi, gauni jipya kila safari. Akifika mwisho wa ubao anasimama, mkono kiunoni, anageuza shingo polepole. Wanaume wanasahau hata ng'ombe waliokuja kuuza.

Generoza alimfuata lori kwa lori. Akisikia Melania yuko Rwamgasa, anadandia gari la pamba, mtoto mgongoni. Akisikia yuko Mwanza, anazua msiba wa shangazi. Aliyajua magauni yake yote kwa rangi na kwa tarehe. Picha alizikata na kuzibandika ukutani kwa uji wa muhogo, mpaka Bikira Maria akasogezwa nyuma ya mlango.

Hata mwendo aliuiga. Alikuwa akitoka kisimani na ndoo kichwani, anafika kwenye kona, anasimama, anageuza shingo. Wanawake wa kambi ya mgodi walimcheka hadi wakachoka.

Na mafuta? Alijipaka asubuhi na jioni, bila kukosa. Uso ukaanza kuwa mweupe. Marcel alimsifia, akasema sasa amepata mke wa kutoka naye Jumapili.

Utamu ukishakuingia unataka na ndugu yako aonje. Kwao Generoza ni Nyahanga, na huko alikuwa na mdogo wake, Mbuke, binti wa miaka kumi na saba, mweusi wa kupendeza, hajui Melania ni nani wala hana habari. Generoza akamtumia kopo kwa dereva wa lori, pamoja na picha. Mwezi uliofuata akatuma mawili. Akamwandikia barua: jipake na shingoni, ndiyo siri ya Melania.

Yaliendelea hivyo mwaka mzima.

Halafu siku moja Generoza akaona pete yake ya ndoa imebadilika rangi. Ile pete ilikuwa ya dhahabu, Marcel aliichongesha kwa fundi wa Rwamgasa. Sasa imekuwa nyeupe kama bati.

Ndugu msomaji, kama hujakulia kwenye dhahabu hutamwelewa. Kwetu kila mtu ameshawahi kuuziwa shaba iliyopakwa rangi. Pete ikibadilika, wazo la kwanza ni moja tu... nimetapeliwa. Generoza hakufikiri mara mbili.

"Marcel, umenioa kwa pete feki?"

"Feki ya wapi? Ile ni dhahabu."

"Dhahabu gani inakuwa nyeupe?"

Marcel akaishika ile pete, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Ukiwa unajipaka, uwe unaivua."

"Kwa nini?"

"Mafuta yanachafua vitu. Ivue tu, mama Otmar."

Generoza akanuna wiki nzima juu ya pete. Juu ya mafuta hakununa hata dakika moja, na bibi yangu alisema upumbavu wa maisha yake yote ulikaa katika wiki ile.

Mwezi wa saba dereva wa lori alikuja na salamu kutoka kwa mama yake Generoza.

"Mbuke anaumwa. Amevimba. Wamempeleka hospitali ya Kolandoto. Mama anasema uje."

Generoza alifunga safari. Lori, kivuko, garimoshi hadi Shinyanga, kisha miguu hadi hospitali. Na unajua alibeba nini cha kumpelekea mgonjwa? Makopo mawili mapya ya Mafuta ya Nuru.

Mbuke alikuwa kitandani, na Generoza alipita mbele yake mara ya kwanza bila kumjua. Macho yamefunikwa na uvimbe. Miguu imejaa maji, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Ngozi ya uso ni mabaka, hapa nyeupe, pale nyekundu, shingoni imechubuka na inatoa maji yenye harufu.

"Dada," Mbuke akasema, "umeniletea?"

Nesi alimvuta Generoza pembeni. "Figo zimegoma. Daktari anauliza, amekula nini? Amepaka nini? Dawa za kienyeji?"

"Hajatumia kitu," Generoza akajibu. "Mafuta ya uso tu."

Alitoka nje kwenye uwanja wa ndugu wa wagonjwa, ambako mama yake alikuwa anakoroga uji kwenye mafiga.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba." Mama hakumtazama usoni, alimtazama mkononi. "Hiyo pete imefanya nini?"

"Ni feki, mama. Marcel alinidanganya."

Yule mama alikuwa ameosha mchanga wa dhahabu na marehemu mumewe kwa miaka kumi na moja huko Rwamgasa. Akanyoosha mkono.

"Ivue."

Akaitia kwenye makaa, akamsukuma binti yake. "Kaa mbali, usivute hewa yake. Upepo uko huku."

Wakangoja. Mama akaitoa kwa kijiti, akaiviringisha kwenye majivu, akaipangusa kwa upindo wa kanga.

Pete ilikuwa ya njano.

"Mumeo hakukudanganya, hii ni dhahabu," mama akasema. "Ilikuwa imekula zebaki. Umeshika wapi zebaki?"

"Sijashika zebaki mimi. Toka nilipoolewa sijagusa karai la kuoshea dhahabu."

Mtoto wa mchimbaji yeyote anajua kwamba zebaki ikigusa dhahabu huing'ang'ania na kuifanya nyeupe. Ndivyo wanavyoikamata kwenye mchanga. Na anajua vile vile kwamba ukiichoma, zebaki inaondoka kwa moshi, na moshi ule umeua watu.

Mama akalitazama kopo lililochungulia kwenye kikapu cha Generoza. Akalifungua, akaizamisha pete ndani, akaliacha juani.

Adhuhuri waliitoa. Ilikuwa nyeupe tena.

Generoza alikimbilia bombani. Alijisugua uso kwa majivu na mchanga mpaka damu ikatoka, na bado alijisikia mchafu. Akatapika. Akakumbuka mwaka mzima wa makopo, kila moja akilifunga kwa karatasi na kuandika juu yake kwa mkono wake: Kwa Mbuke mpenzi.

Siku ya pili yake ndiyo ilikuwa Jumamosi, na kipaza sauti cha Stanslaus kilikuwa kinaita watu mjini.

Basi hapo ndipo tulipoanzia. Generoza juu ya mbao, kopo mkononi. Mara ngapi alikuwa ameota kusimama karibu hivyo na Melania.

"Jipake."

"Nimeshakwambia shuka."

"Unasema unajipaka kila siku. Leo umekosa nini?"

Watu wakaanza kunong'ona. Melania akamsogelea, akainama sikioni, na sauti ikawa nyingine kabisa.

"Wewe mwendawazimu. Mimi nipake uchafu ule? Huu uso ndio shamba langu. Mama yangu ni mweupe, nimezaliwa hivi."

Generoza aliisikia harufu ya marashi yake.

"Mdogo wangu anakufa kwa zebaki yenu."

"Wewe ni nani kwanza? Umetumwa na nani?"

"Mimi ni Generoza wa Geita. Mke wa Marcel, karani wa stoo."

Melania akamtazama... kisha akacheka. Safari hii alicheka kwa kweli, mpaka akashika kiuno.

"Mke wa Marcel? Wa stoo ya mgodi? Dada yangu, umepanda jukwaa bure. Zebaki unafikiri Stanslaus anaitoa wapi? Kamuulize mumeo."

Generoza akakumbuka maneno ya Marcel. Uwe unaivua. Mafuta yanachafua vitu.

Alijua. Aliijua ile zebaki kabla haijafika kwenye kopo. Alimtazama mke wake akijipaka asubuhi na jioni kwa mwaka mzima, na kitu pekee alichokionea huruma kilikuwa pete.

Stanslaus alimshika mkono akamshusha mwenyewe, kwa upole, kama anamsaidia mlevi. Akashika kipaza sauti.

"Wivu wa wanawake, jamani. Mnaujua."

Watu wakacheka. Generoza akapiga kelele kwamba ni zebaki, mnapaka zebaki, wakazidi kucheka. Gramafoni ikawashwa. Melania akapita kwenye mbao kwenda na kurudi, mkono kiunoni, akageuza shingo. Na wanawake wakapanga foleni kununua. Bibi aliniambia kilichomchefua siku ile kuliko yote ni kwamba alizijua zile nyuso. Zilikuwa na macho yale yale aliyokuwa nayo yeye Rwamgasa na Mwanza.

Mbuke alikufa Jumanne asubuhi.

Walipokuja kubadilisha shuka, nesi alikuta kopo chini ya mto. Lilikuwa moja kati ya yale mawili mapya. Jumamosi ile, alipokimbilia uwanjani, Generoza alikuwa amelisahau kwenye kikapu chini ya kitanda, na Mbuke akalichukua. Lilikuwa limebaki nusu. Mgonjwa asiyeweza kufumbua macho alikuwa anajipaka kwa kupapasa, ili akipona awe kama dada yake alivyoahidi.

Walimzika Nyahanga. Baada ya matanga Generoza akarudi Geita. Alimkuta Marcel mezani, anakula ugali na samaki.

"Pole na msiba," Marcel akasema.

"Zebaki unampa Stanslaus wewe?"

Marcel akatafuna, akameza.

"Nani kakwambia?"

"Nijibu."

"Ni vichupa vichache. Kila karani anatoa kitu stoo."

"Ulijua inawekwa kwenye mafuta?"

"Nilijua."

"Ukaniona najipaka ukanyamaza."

"Ningekwambia, ungetangaza kambi nzima. Unajua mdomo wako. Kazi ningepoteza, na jela ningekwenda."

"Nilikuwa nampelekea Mbuke, Marcel. Makopo uliyabeba wewe mwenyewe hadi kwa dereva."

Marcel akaivuta sahani karibu. Akachambua mwiba kwenye samaki, akauweka pembeni ya sahani. Halafu akasema neno ambalo bibi yangu alilibeba kwa miaka hamsini na tatu.

"Na isitoshe, ulikuwa unapendeza."

Hakuwa na aibu, hata sauti haikutetemeka. Alikuwa anampa mkewe sifa, na alitegemea kushukuriwa.

Generoza alimfunga Otmar mgongoni, akatoka na nguo aliyovaa. Hakurudi. Kwa mapadri alishtaki, kwa bwana shauri wa wilaya alishtaki, hakuna aliyemsikiliza mwanamke asiye na karatasi ya daktari. Marcel alistaafu na zawadi ya saa. Melania alitangaza vitu vingine miaka mingi, uso wake haukuwahi kupata hata kipele. Sitawadanganya kwamba Mungu aliwalipa hapa hapa. Sijaona.

Otmar ni baba yangu. Maana yake Marcel ni babu yangu, na kila nikijitazama kwenye kioo naiona pua yake.

Siku moja nilimuuliza bibi, kati ya Stanslaus, Melania na Marcel, nani alimchukia zaidi. Nilidhani najua jibu.

"Hao wote hawakumjua Mbuke," akasema. "Stanslaus hakumjua. Melania hakuwahi hata kusikia jina lake. Mdogo wangu alikuwa anachota maji Nyahanga na uso wake mzuri, hajamwomba mtu kitu."

Akatema mate chini.

"Aliyemwandikia barua kwamba uso wake haufai ni mimi."

Kwa hiyo, wewe unayempenda mtu wa kwenye picha, mpende, hakuna anayekukataza. Lakini kabla hujampelekea mdogo wako kile anachokiuza, muulize kwanza kama yeye mwenyewe anakitumia, na utazame anavyorudi nyuma.